Miaka ya Zenovia

Nakutegea, na usikimbilie kujibu. Wanawake wawili, kitanda kimoja, mto mmoja, ndara jozi moja. Kitanda hicho wamekilalia miaka kumi na mitano, na hakuna hata usiku mmoja waliolala pamoja. Ni nani hao?

Jua na mwezi? Hao hawavai ndara. Wake wenza? Wake wenza wangekwisha kuurarua huo mto. Umeshindwa, basi nipe mji. Huo mkubwa sitaki, nitapotea. Nipe ule mdogo wa Italia uliokaa juu ya kilima, wenye ngazi nyingi kuliko watu. Haya, nimekwenda, nimekaa, nimekunywa na kahawa yao ile ya kikombe cha kidole. Sasa nakwambia: hao ni Chiva na Zenovia, watoto wa mama mmoja, watu wa Romania, kutoka kijiji cha upande wa Vaslui ambako matope ya mwezi wa tatu hukuvua kiatu huku unatembea.

Chiva ndiye mkubwa. Jina lake kamili ni Paraschiva, lakini nani ana muda wa kulimaliza. Zenovia alimfuata kwa miaka mitatu. Chiva hakujaliwa mtoto, na mumewe alikufa mapema. Zenovia alijaliwa mmoja, Sandu, aliyeanza kuanguka kifafa akiwa na miaka minne. Akili yake ikabaki pale pale kwenye minne, mwili ukaendelea kukua peke yake. Baba yake alipoliona hilo, alisema anakwenda mjini kununua misumari. Misumari haijafika mpaka leo. Ilifika talaka, kwa posta.

Mwaka 2007 Romania ikaingia kwenye Umoja wa Ulaya, watu wakaanza kuvuka mipaka kama wanaovuka uwanja wa jirani. Zenovia akapata kazi katika mji ule wa kilimani, kumtunza Bi Ersilia, mwanamke wa miaka themanini aliyekuwa hawezi tena ngazi. Kazi ya kulala humo humo, kumwogesha, kumlisha, kumgeuza. Lakini Sandu akae na nani? Ndipo wakapanga zamu. Miezi mitatu Zenovia yuko Italia na Chiva yuko na Sandu. Miezi mitatu mingine, Chiva huko, Zenovia nyumbani. Siku za barabarani, jirani anamwangalia Sandu. Kwao si jambo la ajabu. Nusu ya wanawake wa wilaya ile waliishi hivyo, mtu na wifi yake, mama na binti, mmoja anamwinua mzee wa watu ugenini na mwingine anabaki na watoto wa wote wawili.

Siku ya kupokezana kwa mara ya kwanza, basi dogo liliharibika njiani. Chiva akafika asubuhi, na safari ya kurudi ikasogezwa mpaka jioni, wakajikuta wote wawili jikoni kwa Bi Ersilia mchana kutwa. Mara akaingia Donata, binti wa Bi Ersilia, na fomu mkononi. Donata alikuwa na duka la vifungo na nyuzi mtaa wa chini, na siku zote alitembea kama mtu aliyeacha duka wazi.

"Wote mpo? Afadhali. Kazi moja, mkataba mmoja, jina moja. Niandike nani?"

Hakuna aliyemuuliza hayo ya jina moja ameyatoa wapi. Ungemuuliza angekwambia kila mtu anajua. Na kweli, kila mtu alijua. Wanawake wote wa zamu katika mji ule waliandikwa hivyo, jina moja kwa watu wawili, na waliona ndiyo busara, karani asisumbuliwe.

"Andika Zenovia," alisema Chiva.

"Dada! Mkubwa ni wewe."

"Mkubwa wa kuchota maji. Wewe una mtoto. Karatasi ikae kwa mwenye mtoto."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakaa kwenye kiti. Mpe kalamu huyu, kaacha duka."

Bi Ersilia alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kona yake. "Nani atanikatia mkate?" aliuliza.

"Zenovia, mama," alisema Donata.

"Yupi?"

"Yeyote, mama."

Bi Ersilia akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile, katika nyumba ile, wote wawili waliitwa Zeno. Kwa mwoka mikate, Zeno. Zahanati, kadi ni ya Zenovia, na aliyekaa kwenye benchi ni Chiva mwenye jino linalouma, na daktari akiita "Zenovia!" Chiva anainuka. Walifanana pua na mabega, na watu wa pale hawakuwatazama sana usoni. Mwaka wa kwanza Chiva alikuwa anachelewa kidogo kuitika. Mwaka wa pili akawa hachelewi.

Sasa ngoja nikwambie walivyokutana. Basi dogo lililomleta mmoja ndilo lililomrudisha mwenzake, na lilisimama kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, bondeni, saa moja tu, dereva ale na anyooshe miguu. Kila miezi mitatu, saa moja. Anayeshuka na anayepanda walikaa kwenye ukingo wa saruji nyuma ya pampu. Anayeondoka alivua ndara za nyumbani kwa Bi Ersilia akavaa viatu vya safari. Anayefika alivua viatu akavaa ndara zikiwa bado na joto la miguu ya mwenziwe. Walipeana ufunguo, aproni, na daftari la dawa. Walikula mayai ya kuchemsha na vitunguu vya majani kutoka nyumbani.

"Sandu?" anauliza Zenovia, safari hii ndiye anayeondoka.

"Ameanguka mara mbili, lakini si vibaya. Ameanza kuogopa jogoo. Ukimchinja usimwambie. Bibi?"

"Hataki supu yako. Anasema ina uchachu, inamkunja uso."

"Mwambie uso wake ulikwisha kujikunja kabla sijazaliwa."

Wanacheka, wanakula, dereva anapiga honi. Ndugu hawa wawili waliishi maisha mamoja, walilala kitanda kimoja, walipenda mtoto mmoja, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanapata saa nne kwa mwaka.

Sandu alimwita Zenovia mama, na Chiva, Mama Mkubwa. Neno alilojifunza kulisema vizuri kuliko yote ni zamu. Walijaribu mara moja kwenda naye Italia. Alipiga kelele ndani ya basi mpaka dereva akawashusha kabla hawajafika mpakani. Baada ya hapo hawakujaribu tena.

Bi Ersilia alifariki mwaka 2022, amefika tisini na tano. Wale dada wakaamua: Zenovia arudi abaki na Sandu moja kwa moja, Chiva abaki Italia. Chiva akapanga chumba juu ya duka la fundi viatu, akapata kibarua cha asubuhi cha kumwosha mzee Quinto, kilo tisini na tano za mtu asiyeweza kusimama. Safari hii alikwenda manispaa mwenyewe akaandikishwa ukazi kwa jina lake. Karani akasoma kwa sauti: "Paraschiva." Chiva akageuka kuangalia nani kaitwa.

Kisha mwezi wa pili, miaka miwili na ushei baadaye, Zenovia akaanguka uani kwake na ndoo ya maji mkononi, na hakuinuka. Chiva alikwenda akamzika. Kaburini, akiwa ameshika mshumaa, ndipo alipoanza kuhesabu bila kutaka. Miaka kumi na mitano, mara nne, saa moja moja. Saa sitini. Alizirudia tena zile hesabu akidhani amekosea, na hakuwa amekosea.

Alimwacha Sandu kwa jirani, Ruxanda, akarudi kwa mzee Quinto, kwa sababu pensheni ya kwao ya shamba la ushirika haikutosha hata kuni.

Mwezi wa tano Chiva akatimiza miaka sitini na saba. Mgongo wake ulikuwa umefikia mahali ambapo asubuhi inambidi ashuke kitandani kwa magoti kwanza. Mwanamke mmoja kanisani alimwambia: ukifika sitini na saba, nchi hii ina posho ya wazee, hata kwa mgeni wa Umoja, bora uwe umekaa miaka kumi mfululizo. Miaka kumi! Chiva alikuwa nayo kumi na saba. Akaenda akiwa amejifunga kitambaa chake cha Jumapili, na moyoni ameshapanga: atapumzisha mgongo, na kidogo atamtumia Ruxanda kwa ajili ya Sandu.

Ofisi ya chama cha wafanyakazi, ile inayosaidia watu makaratasi bure, ilikuwa juu ya mkahawa. Mwenyewe alikuwa Loredana, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia na kamba shingoni.

"Karibu mama. Hicho hapana, hicho kimevunjika mguu, kinamngoja mkubwa wangu akikalie. Kaa hiki." Akabofya, akatazama. "Umeandikishwa mwishoni mwa 2022. Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa mjini. Nyumba ya madirisha ya kijani, nyuma ya kanisa. Kwa Bi Ersilia."

"Mbona sikuoni?"

"Nilikuwa Zenovia," alisema Chiva.

Loredana akaiacha miwani ikaanguka kifuani. "Nianzie mwanzo, mama. Polepole."

Chiva akamwanzia mwanzo. Alimweleza zamu, na ndara, na jina moja. Loredana hakumkatiza. Alipomaliza, Loredana aliuliza jambo moja tu.

"Kwa mwaka, jumla, ulikuwa nje ya Italia miezi mingapi?"

"Sita. Nikitoa siku za barabarani."

"Na mdogo wako?"

"Sita vilevile."

Loredana akanyanyuka, akavuta kitabu kinene kutoka kwenye rafu, akakipitishia kidole, akakigeuza upande wa Chiva.

"Hii ni sheria ya watu wa Umoja kutembea na kukaa nchi wanayotaka. Soma hapa. Mtu akiwa nje kwa jumla isiyozidi miezi sita kwa mwaka, ukazi wake haukatiki. Miezi sita, mama Chiva."

"Sijaelewa."

"Mngeandikwa wote wawili. Kazi mngegawana nusu kwa nusu, mikataba miwili, majina mawili. Kila mmoja angekuwa na miaka yake. Nafasi yenu ilikuwepo."

"Ilikuwepo wapi?"

"Hapa. Mstari huu."

Chiva akautazama mstari. Ulikuwa mfupi, haufiki hata urefu wa kidole chake cha kati.

"Tangu lini?"

"Tangu siku mliyoingia."

Chiva akacheka. Alicheka vizuri kabisa, kwa sauti, mkono mdomoni, hata Loredana naye akaanza kutabasamu akidhani kuna utani hajaupata. Kisha mabega ya Chiva yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha, na Loredana akanyanyuka akafunga mlango.

"Kuna njia," alisema Loredana baadaye. "Ni nyembamba, lakini ipo. Tumpate mtu wa nyumba ile aseme ukweli kwa maandishi, kwamba mlikuwa wawili. Nikipata hilo nitapigana nao. Nimewahi kupigana na vibaya zaidi."

Chiva akateremka ngazi mpaka duka la vifungo. Donata alikuwa amezeeka na yeye, ameacha kukimbia. Alisikiliza akiwa ameshika mkasi, na uso ukawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Nani aliniambia ni jina moja tu?" alisema. "Najaribu kumkumbuka. Nadhani ni mke wa mfamasia. Mungu wangu, Chiva. Nilimsikiliza mke wa mfamasia."

"Na sisi tulikusikiliza wewe."

"Watanitoza faini."

"Watakutoza."

"Wanitoze!" Donata akautupa mkasi mezani. "Nitasema. Nitasema mlikuwa wawili, na nilikuwa nawajua kwa supu. Supu ikiwa na uchachu, ni wewe. Tena nikwambie kitu? Mama alikuwa anajua. Alikuwa ananipigia simu, ananiambia, leo yupo yule anayeimba akiosha vyombo. Alikuwa anakusudia wewe. Zenovia alikuwa haimbi."

"Zenovia alikuwa anaimba nyumbani," alisema Chiva. "Sandu alikuwa anamwomba."

Wiki ile Chiva alimwosha mzee Quinto huku anaimba, na mzee akamwambia anyamaze, naye hakunyamaza.

Jumatatu Loredana akampigia simu. "Njoo, mama. Usilete kitu. Njoo tu."

Juu ya meza palikuwa na jalada jingine, lenye mihuri ya Romania.

"Limetoka Vaslui," alisema Loredana. "Jirani yenu, Ruxanda, alikwenda na Sandu manispaa ya huko, wakamwombea pensheni ya mama yake. Mtu aliyechangia bima hapa akifa, na ana mtoto asiyeweza kujitegemea, mtoto analipwa hata akiwa nchi nyingine. Hiyo nayo ni sheria ya Umoja, na ni nzuri."

"Basi hizo ni habari njema."

"Inatakiwa michango ya miaka kumi na mitano." Loredana alisema kwa sauti ndogo. "Zenovia anayo kumi na mitano na miezi miwili. Mama Chiva, unaiona?"

Chiva aliiona. Aliiona mara moja, kama mtu anavyoliona shimo mguu ukiwa tayari hewani.

"Nikichukua nusu yangu..."

"Anabaki na saba na nusu. Hata ile miaka yake ya shamba la ushirika la kwenu niliitafuta ili nijumlishe, madaftari yenye jina lake yaliungua. Sandu hapati. Usipoichukua, Sandu anapata, na wewe huna ila hii miwili na ushei. Miaka ni ile ile, mama. Siwezi kuiandika mahali pawili."

"Nikipata hiyo posho yangu si nitamtumia yeye?"

"Ukilipa chumba na dawa za mgongo, utamtumia nini? Na ukienda kukaa naye kule, posho inasimama. Hiyo haivuki mpaka, inalipwa kwa anayekaa hapa hapa." Akajikuna paji la uso. "Mimi nina majalada mawili ya nyumba moja. Lazima niulize, na nauliza kama karani, si kama Loredana. Katika nyumba ya Bi Ersilia, miaka ile kumi na mitano, aliyekuwa anakaa na kufanya kazi ni nani?"

Chiva akafungua mdomo. Chini mkahawani mtu aligonga kijiko kwenye kikombe.

"Usijibu leo," alisema Loredana upesi. "Ulichoniambia siku ile bado sijakiandika. Njoo Alhamisi."

Jioni, kabla giza halijaingia, Chiva alipiga simu nyumbani. Ruxanda akampa Sandu simu. Sandu alikuwa na miaka thelathini na minne, na sauti nene ya mwanamume, na maneno ya mtoto ndani yake.

"Mama Mkubwa! Zamu yako imekwisha?"

"Bado, mwanangu."

"Mama amekwenda Italia?"

Walikuwa wamemwambia. Walimpeleka kaburini, alishika mshumaa wake mwenyewe. Lakini kwa Sandu, mama asipokuwepo nyumbani, yuko upande wa pili, na upande wa pili una jina moja tu.

"Umemwona pale kituoni?" aliuliza Sandu. "Umempa ndara?"

"Sijamwona, Sandu."

"Basi limechelewa."

"Ndiyo, baba. Limechelewa."

"Mimi nakaa getini," alisema Sandu, na akaiacha simu, na Chiva akasikia hatua zake nzito zikienda.

Ruxanda akaichukua simu. "Shoga, anakaa pale kutwa. Nampelekea chakula getini kama mbwa wa ulinzi, Mungu anisamehe. Sikiliza. Bibi wa ustawi amekuja tena. Anasema Sandu hana mtu wa damu hapa na hana pato lenye jina lake, na mtu wa namna hiyo anapelekwa kwenye nyumba ya serikali. Nimemwambia pensheni ya mamake inakuja. Akasema atangoja mpaka katikati ya mwezi ujao."

"Ile nyumba wanawafunga?"

"Wanawapa dawa za kulala. Mtoto wa Catrina alikwenda anatembea, amerudi kwenye sanduku. Mimi nipe cha kumlishia na kununua dawa zake, nitakaa naye mpaka nife, nakuapia. Lakini wakija na gari nitawazuia na nini? Na ufagio?"

"Wewe una ufagio mzuri," alisema Chiva.

"Upuuzi huo," alisema Ruxanda, na wote wawili wakawa wanalia.

Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Chiva alipanda ngazi za mkahawa akishika ukuta, na alimkuta Donata amekwisha kufika, amevaa koti lake la kanisani ingawa kulikuwa na joto. Donata hakuwa anajua habari za jalada la pili. Loredana hakuwa na ruhusa ya kumwambia, na Chiva hakuwa amepata maneno.

"Nimeandika yote," alisema Donata, akaweka karatasi mbili mezani, zimejaa pande zote. "Na nimepata kitu. Nilipekua makabati ya mama kutwa nzima."

Akatoa kipande cha gazeti, kimekuwa cha njano kwenye mikunjo. Ilikuwa habari ya mwaka ule wa tetemeko la ardhi, 2016, siku ukuta wa kanisa ulipopasuka na watu wote wakatoka nje wakikimbia. Chiva alikuwa amembeba Bi Ersilia mgongoni, ghorofa mbili, ngazi arobaini na moja, plasta inawadondokea, na bibi anamlaumu njia nzima kwamba amesahau kuzima jiko. Mpiga picha wa gazeti aliwakuta uwanjani: kikongwe ndani ya blanketi, na nyuma yake mwanamke mwenye vumbi nywele nzima, mdomo wazi, jino la mbele halipo. Chini ya picha pameandikwa: Zenovia, Mromania aliyemwokoa bibi yake.

"Zenovia alikuwa na meno yote," alisema Donata, macho yakimng'aa. "Yote! Mtazame huyu. Jino hili lilikuwa limeng'olewa wiki ile ile, mimi ndiye niliyempeleka. Nani atabisha? Hii peke yake inatosha. Loredana, si inatosha?"

Loredana aliitazama picha muda mrefu. "Inatosha," alisema. Hakumtazama Chiva.

"Umeona!" Donata alimshika Chiva mkono akautikisa. "Umeona, wewe mwanamke! Umembeba mama yangu mgongoni, na mgongo huu unaumwa tangu siku ile, usinifiche. Sasa nchi hii nayo ikubebe kidogo."

Chiva aliichukua ile picha. Hakuwahi kuwa nayo mwenyewe. Alikumbuka mguu wa Bi Ersilia ukimpiga pajani kila ngazi. Alikumbuka theluji ya 2012, alipovaa soksi juu ya viatu asiteleze, akashuka kutafuta mkate, na mwoka mikate akamwambia, Zeno, hata Mungu leo hajatoka nje. Alikumbuka asubuhi ya mwisho ya Bi Ersilia. Ilikuwa zamu yake, ni yeye aliyemfumba macho. Yote hayo yalikuwa pale mezani, ndani ya karatasi mbili za Donata, kwa mara ya kwanza yakiwa na jina lake juu yake. Paraschiva. Donata aliliandika lote, hakulifupisha, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi.

Loredana akavuta kibodi karibu. Mikono yake haikuwa na haraka.

"Lazima nilisome kama lilivyo," alisema. "Katika nyumba ya marehemu Ersilia, kuanzia mwaka 2007 mpaka 2022, aliyekuwa anakaa na kufanya kazi ni nani?"

"Mwambie, Chiva," alinong'ona Donata. "Sema tu. Mimi nipo."

Chiva akaikunja picha kwenye mikunjo yake ya zamani, akairudisha juu ya zile karatasi mbili, akazisogeza zote kwa Donata. Donata alimtazama, akamtazama Loredana, haelewi. Loredana alikuwa ameinamisha kichwa, vidole juu ya herufi, anangoja.

"Ni mdogo wangu," alisema Chiva. "Alikuwa Zenovia, miaka yote. Mimi nilikuwa nyumbani, na mtoto."